Nyumba Isiyo na Mgonjwa

Katika nyumba niliyoolewa hapakuwa na mgonjwa. Watu walikufa, na hilo lilikubalika, maana kifo ni amri ya Mungu, na jeneza halipiti uchochoroni bila kuonekana. Lakini kuugua hakukuwapo. Ami yake mume wangu alipoanza kukohoa damu, tuliambiwa tuseme amekwenda Pemba kuangalia mikarafuu. Mikarafuu yenyewe ilikuwa imeshachukuliwa zamani, baada ya Mapinduzi, na ami alikuwamo chumba cha nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji. Alikaa "Pemba" miezi mingi, karibu na jikoni, mpaka siku aliporudi akiwa amelala chali, na mtaa mzima ukaja kumzika na kusikitika kuwa safari ilimchosha.

Niliingia humo mwaka 1985, bi harusi kutoka Makunduchi, niliyesoma mpaka kidato cha pili nikaishia hapo. Kwetu mtu akiumwa na jino, kijiji kizima kinajua ni jino gani. Kwetu pia tuna siku moja katika mwaka ambayo watu huingia uwanjani wakapigana kwa migomba, wakaimbiana matusi, wakatoa yote yaliyowakaa rohoni, kisha wakarudi nyumbani kula pamoja. Nyumbani kwa mkwe wangu siku hiyo haikuwamo katika kalenda.

Mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa Kiarabu aliyezaliwa na mashamba akazeeka na dele la shaba na vikombe vyake vya kahawa. Neno lake lilikuwa stara. Mwanamke hujisitiri kwa buibui, nyumba kwa pazia, na ukoo kwa kunyamaza. Hakuwa mkali. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa akikutazama tu, kisha akasema, "Mwanangu, dirisha," nami nikajua kuwa nimecheka kwa nguvu.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala katika hoteli moja ya watalii Mbweni. Mwishoni mwa miaka ya tisini hoteli ikawakatia wafanyakazi bima ya matibabu, wao na wake zao na watoto wao. Akaja nyumbani na kadi ngumu zinazong'aa, kila mmoja na yake, akazipanga juu ya mkeka kama mtu aliyeshinda karata.

Mama yake akaishika moja kwa ncha ya vidole.

"Mnalipa leo maradhi ya kesho?"

"Ndiyo, Mama. Ukiugua, wao wanalipa."

"Na usipougua?"

"Basi fedha zimekwenda."

"Kwa hivyo kila mwezi mtakuwa mkiomba Mungu muugue, hasara isiingie."

Akazikusanya kadi zote akazitia katika sanduku lake la mvule, pamoja na sanda yake, kafuri na chupa ya marashi ya maiti. Alisema vyote ni vitu vya kuwekwa bila kutamaniwa. Mume wangu hakubisha. Ndivyo bima yetu ilivyokaa miaka mitatu ndani ya kafuri.

Binti yetu wa mwisho alikuwa na miaka minane alipoanza. Nataka nimweleze alivyokuwa kabla, kwa kuwa baadaye watu wengi waliniambia lazima alikuwa hivyo tangu mwanzo. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtoto wa kelele. Alikuwa akishuka ngazi kwa kuruka na kupanda kwa kuimba, akirudi kutoka chuo cha Kurani na juzuu kifuani na mdomo wa manjano wa urojo alioapa kuwa hakuununua. Akaugua mafindofindo, homa ikapanda, akapewa dawa, akapona. Wiki chache zikapita. Kisha asubuhi ya Ijumaa moja akaamka mtu mwingine.

Sisemi alibadilika kidogo kidogo. Usiku nilimlaza mtoto mmoja, asubuhi nikaamsha mwingine. Alikuwa akipepesa macho na kukaza shingo upande mmoja, kama mtu anayeitwa kwa nyuma. Alikataa mkate, akasema una kitu. Kitu gani? Hakujua, ila kimo. Akaanza kuosha mikono. Akaiosha, akaifuta, akaitazama, akaiosha tena. Sauti yake ikawa ya kitoto kidogo. Daftari lake la shule, ambalo mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, likawa na mistari kama ya kuku aliyekanyaga wino.

Siku mbili za kwanza mkwe wangu alifurahi. "Mashaallah, mtoto kashika udhu." Siku ya tatu furaha ikamwisha, maana udhu wa sala moja ulikuwa ukichukua kutoka adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Hapo akasema lile neno ambalo kila mtu wa Unguja angelisema: "Ana wasiwasi." Sote tunaujua wasiwasi wa udhu. Shetani anakunong'oneza kuwa hukupata maji kisiginoni, nawe unarudia. Dawa yake ni kumpuuza. Lakini yule mtoto alikuwa akilia huku akiosha. Alikuwa akiniambia, "Mama, niambie basi. Niambie niache." Nami nilikuwa nikimwambia aache, na mikono ilikuwa ikiendelea.

Aliandikiwa kombe. Aya zikaandikwa kwa zafarani katika sahani ya kaure, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Hakukubali kuyanywa, sahani ilikuwa imeguswa. Daktari wa kwanza alisema malaria. Wa pili alisema minyoo. Wa tatu aliniuliza mimi kama nina ugomvi na mume wangu. Nikamwambia hapana, akaandika kitu kirefu sana kwa jibu fupi namna ile.

Shida nyingine ilikuwa maji. Maji ya mjini siku zile yalikuwa yakija kwa zamu, tukiyateka chini na kuyapandisha kwa ndoo ghorofa mbili. Binti yangu alikuwa akiyamaliza kabla ya adhuhuri. Tukaanza kuchota kwa majirani, na majirani wana macho. Mkwe wangu akawaambia tunafua mapazia. Wiki ya kwanza waliamini. Kadiri siku zilivyokwenda, mtaa mzima ulijua kuwa hakuna nyumba Mji Mkongwe yenye mapazia mengi kama yetu.

Mwishowe mume wangu akampeleka mtoto Dar es Salaam, kwa daktari wa watoto aliyeelekezwa na mgeni mmoja wa hotelini. Nilikwenda nao. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, mwenye viatu vya kanvasi. Ndiye wa kwanza aliyeuliza, "Kabla ya haya, aliumwa na koo?"

Nikamwambia ndiyo. Nikaanza kulia, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa kama mtu amefungua mlango.

Alitueleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyafahamu. Mwili una askari. Vijidudu vya koo vinaweza kuvaa nguo zinazofanana na za ubongo. Askari wakachanganyikiwa, mwizi ameshakimbia, wao wanaendelea kumpiga mwenye nyumba. Akataja jina la maradhi, refu, la Kiingereza, kisha kifupisho chake cha herufi tu.

"Ni maradhi adimu?" mume wangu akauliza.

"Adimu. Au hatuyaoni kwa kuwa hatuyatafuti. Madaktari wengine hata hawakubali kuwa yapo."

Akatoa dawa za kuua vijidudu, za kutumia kwa muda mrefu. Zisipotosha, akasema, kuna dripu ya dawa inayotengenezwa kwa damu ya watu wengi, inaagizwa kutoka nje, bei yake si ya mshahara. "Mna bima?"

Mume wangu akasema, "Tunayo," kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Sauti ya mtu aliyekuwa na busara mapema.

Dawa zilituliza kidogo, kisha maradhi yakarudi. Mtoto akawa anakunywa maji tu, yaliyochemshwa mbele yake, na uji akiniona nikiukoroga mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mbavu zikaanza kuhesabika. Daktari wa Dar akasema kwa simu kuwa wakati wa dripu umefika, tusikawie. Basi sanduku la mvule likafunguliwa.

Wakala wa bima alikuwa na ofisi Darajani, kijana wa mtaa wa Amani, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi kali. Alimjua mume wangu tangu wakicheza mpira. Akaichukua kadi, akainusa.

"Kaka, mbona kadi hii inanukia maiti?"

"Ilihifadhiwa vizuri."

Akasoma karatasi ya daktari, akaisoma tena, akafungua kitabu cha mkataba.

"Maradhi ya akili hayamo."

"Si ya akili. Daktari anasema yametoka kooni."

"Basi tutalipa koo."

"Koo limeshapona."

"Basi hakuna la kulipa."

"Lakini yameingia kichwani."

"Kichwani ndiyo akili, kaka."

Mume wangu akamwambia kuwa mtoto angekuwa ameanguka ngazini akavunjika kichwa, wangelipa. Wakala akakubali kwa huzuni ya kweli. "Angevunjika, leo hii ningepiga sahihi. Tabu yenu kichwa kizima." Akaongeza kuwa jina hilo la maradhi halimo katika orodha yake. Mume wangu akasema halimo kwa sababu ni adimu. Wakala akasema uadimu si kosa la kampuni. Hata hivyo alikuwa na moyo. Akawaandikia wakubwa wake, nao wakajibu kuwa watamtuma mkaguzi kutoka Dar aje amwone mtoto kwa macho yake, nyumbani, katika hali yake ya kila siku. Akishuhudia, watafikiria.

Mume wangu alirudi na habari hiyo akiwa na matumaini. Makosa yake ni kuwa aliieleza hivi: "Mama, Alhamisi tunajiwa na mgeni."

Mtu wa nyumba nyingine angelisikia kuwa mkaguzi anakuja. Mkwe wangu alisikia mgeni. Mgeni kutoka bara, mwenye cheo, anaingia nyumba ambayo zamani ilikuwa ikipokea watu. Jumatatu tukaanza kusugua ngazi. Jumanne shaba ikang'arishwa kwa ndimu na jivu. Jumatano nikakaanga visheti, na mkwe wangu mwenyewe, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia, akasimama jikoni akikoroga halua mpaka mkono ukatetemeka. Nilijaribu kusema.

"Mama, huyu anakuja kuona tabu yetu."

"Ataiona, mwanangu. Lakini si kwa vumbi."

Na mikono ya mtoto? Ngozi ilikuwa imechubuka mpaka kwenye vifundo, myekundu. Hiyo ndiyo mikono niliyotaka mkaguzi aione kabla ya kitu chochote. Jumatano baada ya isha bibi yake alimkalisha mapajani akamwambia kuwa hina ni ngao, uchafu haupiti. Mtoto, ambaye hakukubali mtu yeyote kumgusa, akakubali. Akapakwa hina nyeusi mikononi mpaka vifundoni, maua na majani, kazi safi kama ya bi harusi. Ilimuuma, nilimwona akikaza meno. Na kwa kuwa alikuwa mwembamba, akavishwa gauni la Iddi la binamu yake, lenye marinda matatu, likampa mwili.

Mkaguzi akabisha hodi baada ya adhuhuri. Alikuwa mtu mzima, mwenye tai, mwenye adabu. Udi ulikuwa ukifuka tangu mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia. Binti yangu alikuwa ameketi karibu na bibi yake, ametulia kama picha. Maradhi yale yana siku zake nzuri. Yakachagua siku ile.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ukae. Watoto wako hawajambo?"

"Hawajambo. Na mtoto huyu ndiye? Hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Anakula?"

"Anakula, twamshukuru Mungu."

"Analala?"

"Analala. Mtoto asilale kwani ana deni?"

Nikakohoa nyuma ya pazia. Mkwe wangu akasema bila ya kugeuka, "Mwanangu, kahawa." Mume wangu alikuwa akitazama mkeka. Hapo alikuwa na wajibu wa kumwambia mama yake, mbele ya mgeni, kuwa anasema uongo. Sijui mwanamume wa mji huu ambaye angeliweza. Na haukuwa uongo kwake. Ukiulizwa hali, kwanza unamshukuru Mungu. Tabu inakuja baadaye, kidogo kidogo, mgeni akishakaa, akishakunywa, akishauliza tena. Hapa Unguja kila mtu anajua kuuliza tena. Mkaguzi hakuuliza tena. Alikuwa na karatasi yenye maswali, na kila swali lilikuwa limeshajibiwa.

Alimshika mtoto mkono, akaugeuza.

"Hina nzuri! Kuna harusi?"

"Uhai ni harusi, mwanangu," mkwe wangu akasema, akammiminia kahawa nyingine.

Mume wangu alimsindikiza mpaka chini, na huko ngazini akajaribu kumweleza. Mkaguzi akampiga bega kwa upole, akamwambia wazazi wote huogopa. Akaondoka na visheti vilivyofungwa katika karatasi. Alipofika pembe ya uchochoro, binti yangu alikuwa ameshaingia bafuni, akisugua hina.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ilisema mtoto amekutwa mwenye afya, msafi na mwenye malezi bora, na kwamba familia inapongezwa. Madai yamekataliwa. Mume wangu aliisoma kwa sauti, akafika kwenye pongezi akasita, akairudia. Nadhani tulikuwa familia pekee Unguja iliyonyimwa matibabu kwa sababu ya usafi.

Siku ile nilifanya ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimfuata mkwe wangu jikoni, nikamwambia. Sikuwa na mgomba mkononi, lakini nilipiga. Nilimwambia ami hakwenda Pemba. Nilimwambia mapazia ya nyumba hii ni mawili na yote yana matundu. Nilimwambia, "Mama, umemsitiri mtoto mpaka haonekani. Akifa utasema kaenda wapi?"

Aliendelea kufuta vikombe vyake, kimoja kimoja. Nikashuka nikalia kwenye ngazi, nikingoja kuambiwa nirudi kwetu Makunduchi.

Asubuhi yake akaniita. Alikuwa amevaa buibui.

"Mtoto yuko tayari?"

"Kwenda wapi, Mama?"

"Kwa huyo kijana wa Darajani. Chukua dele na vikombe. Na beseni, na maji yake."

Huyu ni mwanamke ambaye alikuwa hatoki mchana isipokuwa kwa maiti. Tulitembea taratibu kwa ajili ya magoti yake na kwa ajili ya mtoto, ambaye alikuwa akisimama kila tulipokanyaga maji. Ofisini palikuwa na benchi la wateja. Akakaa, akamkalisha mtoto, akaweka beseni sakafuni. Wakala akasimama.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Umekuja mwenyewe? Ungeniita, ningekuja mimi."

"Marahaba. Ulimtuma mtu kwangu, nikamwambia mtoto hajambo. Sikusema kweli. Nimekuja kuiondoa kauli ile."

"Ah, Bibi, hapa pana watu. Njoo ndani, tusitiriane."

"Stara nimeiacha nyumbani, mwanangu. Imenichosha."

Kisha akamfunua mtoto mikono. Hina ilikuwa imeshatoka kwa kusuguliwa, na ngozi nayo. Siku ile haikuwa siku nzuri. Mtoto alikuwa akikaza shingo na kuosha, akikaza na kuosha, na kila mteja aliyeingia alikaribishwa na mkwe wangu kama aliyeingia sebuleni kwake.

"Karibu, mwanangu. Kunywa kahawa. Umekuja kukata bima?"

"Ndiyo, Bi mkubwa. Ya gari."

"Ya gari vizuri. Gari haina akili. Huyu mjukuu wangu anayo, ndiyo maana hawalipi. Ongeza kahawa."

Yule mwenye gari akanywa, akamtazama mtoto, akamtazama wakala, akasema atarudi kesho. Mwanamke mmoja aliyekuja kulipia duka lake aliketi akasikiliza kisa kizima, akauliza maswali, akalia, akaondoka na fedha zake. Wakala alikuwa ameweka mikono kichwani. Hakuweza kumtoa. Nani atamtoa bibi wa watu, mwenye buibui na dele la shaba, aliyemkaribisha kahawa ndani ya ofisi yake mwenyewe? Kila alipomsogelea alimiminiwa kikombe.

"Bibi, unaniua kwa njaa."

"Kunywa, baba. Kahawa inapoza roho."

Tulikwenda na siku ya pili, na ya tatu. Habari ikaenea Darajani mpaka Mlandege. Watu wakaja ambao hawakutaka bima yoyote, walitaka kahawa. Ikabidi niende na madele mawili. Na katika siku zile mkwe wangu alisema yote. Alisema mtoto anakojoa kitandani. Alisema anaogopa chakula cha mkono wa mama yake. Alisema kwa Kiswahili chake kile kile laini, bila ya kupaza sauti, na kila alilolisema nilimwona likimtoka kama jino. Jioni akirudi nyumbani alikuwa anajifungia chumbani, hataki hata uji.

Sijui wakala aliwaambia nini wakubwa wake. Ninachojua ni kuwa mkaguzi yule yule alirudi, safari hii moja kwa moja ofisini, akasimama mlangoni akamwona mtoto juu ya beseni. Akavua miwani. Akamwamkia mkwe wangu, naye akamjibu, akammiminia.

"Bi mkubwa, mbona siku ile hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza mara ya pili?"

Kampuni ikalipa. Barua ilisema wanalipa kwa hisani, bila ya kukubali kuwa wana wajibu. Mkwe wangu akaniomba nimsomee maneno hayo mara mbili, akacheka. Kicheko cha kweli, dirisha likiwa wazi. "Kwa hisani! Basi na wao wana stara zao."

Dripu ilitundikwa Dar. Sitasema ilikuwa muujiza, kwa sababu haikuwa. Ilichukua miezi. Lakini siku moja, nikiwa nimempa kisogo, nilisikia mtu anatafuna. Alikuwa amechukua mkate wa kumimina mezani, mkate ambao hakuona nikiupika. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atauweka. Nikaendelea kuosha sufuria iliyokuwa imeshatakata.

Mkataba wa bima wa mwaka uliofuata ulipofika, mume wangu aliuleta nyumbani atuonyeshe ukurasa mmoja. Maradhi ya binti yetu, ambayo hayakuwamo katika orodha yoyote, sasa yalikuwamo, kwa jina lake refu na kifupisho chake, hakuna kosa hata la herufi moja. Yalikuwa katika orodha ya yasiyolipiwa. Mkwe wangu alisema angalau sasa wamekubali kuwa yapo. Daktari wa Dar, nilipomweleza, alisema hivyo hivyo, lakini yeye hakucheka.

Nafikiri hadi leo juu ya mama mwingine, mahali fulani katika kisiwa hiki au ng'ambo ya bahari, aliyefungua ukurasa ule na mtoto wake ubavuni. Yeye pengine hana mkwe mwenye dele.

Mkwe wangu aliishi miaka minne baada ya hapo. Alirudi kwenye stara yake kama mtu anayerudi kwao baada ya safari. Hakuzungumza tena juu ya benchi la Darajani, na mtu akilitaja, yeye alikuwa akiuliza bei ya samaki. Mwaka wa mwisho akaanza kulala kwa ubavu mmoja. Nikimuuliza, "Mama, hujambo?" alisema, "Sijambo, mwanangu, uzee tu." Nilijifunza kwake kuuliza mara ya pili, nikauliza, na mara ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile. Siku nilipomwogesha kwa nguvu, homa imempa udhaifu, ndipo nilipoliona titi. Lilikuwa limeshaoza. Alikuwa akilifunga kwa kitambaa cha kanga na kulipaka marashi, na mimi, niliyekuwa nikilala chumba cha pili, nilikuwa nikisifu harufu yake.

Alinishika mkono akaninong'oneza, "Usimwambie mtu." Sikumwambia mtu. Hakuwamo kwenye kadi. Bima yetu ilikuwa ya mke na watoto, haina mama mkwe. Lakini sidhani angekubali hata angekuwamo. Stara moja aliivunja, ya mjukuu. Ya kwake alikwenda nayo. Nilikitoa kitambaa chake cha sanda kutoka katika lile sanduku la mvule, na kadi zetu, alizozirudisha humo mwenyewe, zikatoka zikiwa zimenasa katika mkunjo.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Mke wa yule wakala alikuja, akakaa na wanawake, akalia kweli. Mumewe alikuwa chini na wanaume, na nilisikia kuwa alikataa kahawa, akasema kikombe hakitapita kooni. Binti yangu, ambaye alikuwa ameingia skuli ya sekondari, alikuwa akipitisha sinia. Mikono yake ilikuwa mizuri. Yule mwanamke akamshika.

"Hujambo, mwanangu? Umeshapona kabisa?"

Nikaona wazee wote wakigeuza nyuso kidogo, tayari kusikia alhamdulillahi.

"Leo sijambo," binti yangu akasema. "Wiki iliyopita yalinirudia kidogo, nilipoumwa na koo. Niliosha mikono siku nzima. Nikamwambia Mama, tukaenda kwa daktari."

Shangazi mmoja wa upande wa baba yake akakohoa, akasema, "Mwanangu, sinia." Binti yangu akamtazama kwa heshima, akampa kikombe, kisha akamgeukia mke wa wakala akaendelea pale alipokuwa amefikia.